Vijiti vya Mtofaa

Kasia la usukani lilikatika alasiri ya siku ya pili ya safari. Kipande kilichobaki kilimpiga mzee Osgar kifuani, kikamrusha juu ya mapipa, na mbavu zake zikasikika zikivunjika hata ndani ya upepo wa dhoruba. Mapipa mawili yaling'oka kwenye kamba, yakagongana, yakapasuka. Karibu maji yote ya kunywa yakachanganyika na ya chumvi chini ya miguu ya wapiga makasia, na maji yakimwagika hayazoleki.

"Msimwangalie mzee! Pigeni makasia!" alifoka Hunlaf, mkuu wa mashua, kutoka ubao wa mbele. "Mashua ikigeuka ubavu tumekwisha!"

Walikuwa kumi na tisa ndani ya mashua ile ndefu isiyo na tanga, Wasaksoni wa pwani ya matope, wakielekea kisiwa cha magharibi ambako jamaa zao walitangulia. Wulfrun, binti wa Osgar, alikuwa amemfunga mwanawe Tetta kifuani kwa shuka, huku akikumba maji kwa sufuria. Tetta alikuwa na miaka mitatu. Baba yake, ndugu wa Hunlaf, alichukuliwa na mafuriko ya majira ya baridi pamoja na ng'ombe wake wanne. Kwa miaka mitatu mfululizo bahari ilikuwa imepanda hadi mlangoni, juu ya kilima kile walichokijenga mababu kwa udongo na samadi. Hata bwawa lao la maji ya mvua lilikuwa limeingia chumvi, ndipo wakakubali kuondoka.

Na uchungu ni huu: wangekuwa wameshafika. Siku moja kabla ya safari, bahari ilikuwa imetulia kama maziwa kwenye bakuli. Osgar akatandika kitambaa cheupe, akatupa vijiti kumi vya mtofaa vilivyochongwa alama, kuuliza kama waondoke, akatazama mbinguni, akaokota vitatu. Vikakataa. Na sheria ya vijiti ni moja: vikikataa, huulizi tena jambo lile mpaka kesho yake. Basi wakakaa kutwa juu ya kilima, mizigo imefungwa, wakiitazama bahari nzuri ikipita bure.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, mzee," alisema Tibba, mdogo wake Hunlaf, kijana mwenye maneno mengi na mikono ya kazi.

"Vijiti havina haraka, mwanangu. Wewe ndiye mwenye haraka."

"Mimi hata! Tumbo ndilo lenye haraka."

Watu wakacheka, lakini hakuna hata mmoja aliyewaza kuondoka bila ruhusa. Kesho yake vijiti vikakubali, wakaondoka wakiimba. Bahari nayo ilikubali kwa siku moja na nusu tu.

Kulipopambazuka siku ya tatu, mashua ilikuwa imekaa juu ya fungu la mchanga, hatua mia mbili kwa urefu, na ukungu pande zote. Mbao mbili zilikuwa zimeachana. Wanaume wakaziba nyufa kwa sufu na mafuta ya kondoo. Maji yaliyobaki yalikuwa nusu ya kiriba kimoja. Wakubwa walilowanisha midomo. Tetta alipewa mafunda mawili, akalia kutaka la tatu. Baadaye akaacha kulia, na kule kuacha ndiko kulikomtia Wulfrun hofu kubwa zaidi.

"Maji yakijaa adhuhuri, mashua itaelea," alisema Hunlaf. "Tutatia nanga hapa hapa, tungoje ukungu uondoke. Ukienda kipofu humu, fungu la pili litatuvunja mkuku, uti wa mashua."

"Utaondoka lini?" aliuliza Tibba.

"Ukungu si mke wangu, nitajuaje?"

Wulfrun alikuwa amesimama ukingoni, maji ya kupwa yakimpita miguuni. Yalikuwa ya kahawia. Yalikuwa yamebeba jani bichi la mwaloni, kisha la pili, kisha kijitawi chenye kokwa zake. Akachota kidogo kwa kiganja, akaonja, akatema, akaonja tena. Chumvi ilikuwapo, lakini si kama ya jana.

"Shemeji, njoo uonje. Kuna mto huko yanakotoka."

Hunlaf akaonja, akapangusa ndevu. "Kwa jani moja? Jani huelea hata kutoka kwetu."

"Kwetu kuna mwaloni gani? Kwetu kuna matope. Yakianza kujaa yatakwenda kule kule yalikotoka, tuyafuate. Hatuhitaji kuona."

"Na tukigonga?"

"Na tukikaa? Mtazame mtoto."

Hunlaf alimtazama mtoto wa marehemu ndugu yake, akageuza uso. Hakuwa mtu mbaya, na hofu yake ilikuwa na akili. "Basi," alisema, "vijiti vitaamua."

Osgar hakuweza kuinua mkono. Alilazwa juu ya blanketi la sufu, akipumua kwa vipande, damu ikimkauka kidevuni. "Wulfrun atavitupa," alisema. "Ananitazama tangu hajaota meno. Soma unachokiona, mwanangu. Hicho tu." Kati ya watu wote wale, hapakuwa na mwingine aliyezijua alama ila baba na binti.

Akatandika kitambaa juu ya mchanga. Akatupa vijiti, akainua macho kwenye ule weupe usio na mbingu, akaokota kimoja, cha pili, cha tatu. Akavipanga, akavisoma.

Vilikataa. Viwili kati ya vitatu, wazi kabisa, kama vile siku ya bahari nzuri. Na hakuna kuuliza tena mpaka kesho. Kesho Tetta hatakuwapo. Wulfrun alilijua hilo kama alivyojua jina lake.

"Vinasemaje?" aliuliza Hunlaf.

"Vinasema twende."

Osgar alikuwa karibu, macho wazi. Alivitazama vijiti, kisha akamtazama bintiye kwa muda mrefu. Mzee yule hakuwahi kupindisha alama moja maishani, hata pale zilipomgharimu. Akafungua mdomo, damu ikatangulia maneno. Kisha kwa mkono uliobaki na nguvu akavikusanya vile vitatu, akavisukuma mfukoni kabla Hunlaf hajasogea. Ama alimfichia mwanawe, ama alivionea vijiti haya, Wulfrun hakupata kujua. Maji yalipogusa mkuku, Osgar alikuwa amekwisha kukata roho.

Walimfunika, wakashika makasia. Maji ya kujaa yaliwasukuma kwa nguvu, na Wulfrun akashika kasia lililofungwa nyuma badala ya usukani, akiufuata mkondo. Mikono ya wapigaji ilichubuka. Mmoja alikunywa maji ya bahari kwa siri, akatapika mpaka akalia. Tibba peke yake ndiye aliyekuwa na maneno.

"Nikifika nitaunywa huo mto wote. Ninyi mtakuta matope, mtajihisi mko nyumbani."

Ndipo wakagonga. Mkuku ulipanda fungu la pili, mawimbi yakaanza kuipiga mashua ubavuni, mbao zikalia. Tibba hakungoja kuambiwa. Aliruka, maji yakamfika kifuani, akatia bega nyuma na kusukuma. "Moja! Mbili! Sukumeni na ninyi kwa makasia, wavivu nyie!" Mashua ikachomoka ghafla. Wimbi lililoiinua ndilo lililomzoa Tibba miguu, na mkondo ukawatenganisha.

"Huku!" sauti ilitoka ndani ya ukungu. "Niko huku!"

Kisha ikatoka upande mwingine. "Kaka! Huku!"

Hunlaf alisimama ili aruke, wanaume wawili wakamshika kiuno. Kugeuka kulikuwa ni kurudi kwenye fungu na watu wote. Sauti iliita mara ya tatu, mbali zaidi, bila maneno. Na Hunlaf, machozi yakimchuruzika kwenye ndevu, akaketi, akashika kasia lake, akapaza sauti kuliko wote: "Vijiti vimesema twende! Pigeni!"

Matete yalitokea kwanza, kisha ukingo, kisha mialoni imesimama juu ya mteremko mkavu. Walijaribu maji mara mbili, hayakufaa. Mara ya tatu yalikuwa matamu. Tetta alikunywa, akatapika, akanywa tena, akafumbua macho akamuuliza mama yake kwa nini analia.

Walimzika Osgar chini ya mwaloni kabla jua halijashuka. Tibba hakuwa na mwili wa kuzikwa, wakamzikia kasia lake.

Hunlaf akaja kuketi kando ya Wulfrun. Alikuwa amezeeka kwa siku moja. "Mama Tetta," alisema, "Tibba angekufa kwa ujinga wa mtu, ningemtafuta mtu huyo nimpasue. Lakini vijiti viliitaka safari. Nitalala. Sina wa kumlaumu."

Wulfrun alifungua mdomo. Maneno yalikuwa pale pale, mazito ulimini. Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi, lakini yake aliiona ndefu mbele yake, isiyo na mahali pa kupumzikia. Alimtazama Tetta akilala na kiriba kilichojaa mikononi. Akafunga mdomo.

"Sasa msomaji ni wewe," alisema Hunlaf, akimwekea mapajani mfuko wa vijiti wa Osgar. "Tuulizie. Mteremko huu, tujenge?"

Watu wakakusanyika. Akatandika kitambaa kile kile, bado kina mchanga wa fungu. Akatupa, akatazama mbinguni, akaokota. Cha kwanza kilikubali. Cha pili kilikubali. Cha tatu nacho.

"Vinasemaje?"

"Vinasema ndiyo."

Safari hii ilikuwa kweli, na watu wakashangilia, wakaenda kukata miti. Wulfrun alibaki amepiga magoti, akiisikiliza sauti yake mwenyewe iliyokwisha kutoka. Ilikuwa ile ile iliyosema uongo kule kwenye fungu la mchanga, haikupungua wala kuzidi.