Maji Moto wa Mkoroshoni

Mwaija alikuwa na mikorosho yake Kiwangwa. Kila alipopalilia chini yake, aliumwa. Maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota, walimdondokea shingoni.

"Kesho tuwapulizie dawa," alimwambia mumewe, Abdillah. "Nimechoka kujikuna."

Binti yao, Maulida, akadakia. "Mama, nakuomba ungoje kwanza! Mwalimu Asteria ametutuma tupige picha za nani anamla nani shambani. Niazime simu yako."

Mwaija akacheka, akampa.

Maulida alishinda mkoroshoni akipiga picha na kurekodi sauti yake akizieleza. Kisha wazazi wakaitwa shuleni. Abdillah alibaki nyumbani, Mwaija akaenda.

Picha za watoto zilioneshwa ukutani. Mjusi akimeza panzi. Kipanga na panya wake. Ikaja ya Maulida: maji moto wanamkokota mdudu mwembamba, miguu mirefu.

Mwaija akasimama. "Huyo si mbu wa mikorosho? Ndiye anayenikaushia machipukizi!"

"Ndiye," alisema Mwalimu Asteria. "Mbu hunyonya mkorosho, maji moto humla mbu. Viumbe wameshikana kwa chakula kama nyuzi za buibui. Ndiyo maana tunasema utando wa chakula. Ukiwaua maji moto, mbu atastarehe."

"Lakini wanauma, mwalimu!"

"Wanauma, sikatai. Paka majivu miguuni na mikononi. Hawapendi kupanda penye majivu."

Mwaija alirudi mbiombio pamoja na Maulida. Akamkuta Abdillah ameshabeba bomba la dawa mgongoni.

"Baba Maulida, tua hilo bomba!"

Akamwonesha picha kwenye simu. Abdillah akasikiliza sauti ya bintiye, akairudia tena. Akatua bomba.

"Na ule mkorosho wa mpakani? Hauna maji moto hata mmoja."

"Mwalimu kasema tufunge kamba kutoka mti hadi mti, baba," alisema Maulida. "Watavuka wenyewe."

Abdillah akafunga kamba. Maji moto wakavuka, mmoja nyuma ya mwenzake, naye akawatazama mpaka akasahau chai yake.

Msimu ule machipukizi hayakukauka. Maua yalishika, korosho zikadondoka kwa wingi. Jirani yao, Hajra, akaja kuuliza.

"Mama Maulida, mwenzetu umepuliza dawa gani?"

"Keti kwanza, shoga," alisema Mwaija. "Maulida! Njoo umwoneshe bibi Hajra picha zako."