Hakusema Karibu

"Hiyo sauti ni yako?"

Kaka mtu aliishika simu ya dada yake kwa vidole viwili, kama kitu kinachonuka. Ndani yake dada huyo, fundi cherehani, alikuwa akirudia maneno ya watu wa ng'ambo ya reli, na mwanamume akimsahihisha taratibu.

"Ni yangu. Najifunza."

"Lugha ya watu waliochoma duka la baba?"

"Lugha haikuwasha kiberiti, kaka. Naomba simu yangu."

Dada akaichukua, akavaa, akatoka. Hajafika relini, ujumbe wa kaka ukaingia: "Ukivuka, usirudi nyumbani."

Akajibu: "Navuka, na nitarudi. Ni kwetu wote."

Ng'ambo alimkuta muuguzi anamsubiri. Ndiye aliyemtoa sindano ya cherehani kidoleni mwaka uliopita, na tangu hapo moyo wa fundi haukutulia. Leo alikuwa anampeleka kwa mama yake.

Mama mtu hakuinuka. Alisema maneno machache kwa lugha yao, macho dirishani.

"Anasema karibu, jisikie nyumbani," muuguzi akatafsiri.

Fundi akamgeukia mpenzi wake.

"Hakusema karibu. Amesema nyumba yake haina kiti cha mtu wa kwetu."

Muuguzi akamsogelea. "Sikutaka uumie."

"Ulinifundisha nisikie, au niitikie tu? Ukinificha hili, kesho utanificha mangapi? Kama unanioa, mwambie hapa hapa, nikisikia. Usipunguze neno."

Muuguzi akamwambia mama yake, kwa lugha yao:

"Mama, huyu ndiye nitakayemwoa. Kama hana kiti hapa, na mimi sina."

Mama mtu akaacha kutazama dirisha. "Na yeye hana mdomo?"

Fundi akajibu mwenyewe kwa lugha hiyohiyo, akijikwaa kila neno. "Ninao, mama. Sikuja kuomba kiti. Nampenda mwanao, na nitasimama hapa mpaka unizoee."

"Hilo neno la kusimama umelikosea. Umesema utaota mizizi."

"Basi hilohilo, mama. Nitaota mizizi."

Mama mtu alikaza midomo, lakini kicheko kikamshinda. Akamsogezea kiti.

Walioana kabla ya mwaka kwisha. Kaka mtu alikuja amenuna, akakaa nyuma kabisa. Mama wa bwana harusi akamfuata hukohuko, akamsalimu kwa lugha ya kina fundi, nusu ya maneno kayakosea.

Kaka mtu akainamisha kichwa. Halafu akaitikia.