Ketrina Akataa Kufungiwa

"Shangazi Roda, naomba mlango ubaki wazi."

"Bibi harusi hafundwi mlango wazi, Ketrina. Unataka wapita njia wajifunze bure?"

Wanawake wakacheka. Ufunguo ukazunguka.

Kifua cha Ketrina kikabana, vidole vikafa ganzi. Miaka yake ishirini na saba ikayeyuka. Alikuwa tena mtoto wa miaka minane, yatima, kwenye stoo ya kahawa pale Mlowo, amefungiwa tangu asubuhi na baba yake mdogo Isaka kwa kosa la kumwaga maziwa.

Sasa aliupiga mlango mpaka viganja vikachubuka. Wanawake walipofungua, alitoka mbio hadi uani, akakaa chini akihema.

"Ana pepo huyu," mmoja akanong'ona.

"Si pepo, mama. Nilifungiwa stoo nikiwa mdogo, kwa kumwaga maziwa. Daktari anasema ni jeraha, na ninatibiwa."

Isaka, aliyekuwa anakunywa chai barazani, akaweka kikombe chini.

"Nilikuwa nakulea. Sasa sikia: usipofundwa kama wenzako, Jumamosi simkabidhi mtu kanisani."

Simu ya Ketrina ikalia, ujumbe umeingia. Ni mchumba wake, Nsajigwa, wakala wa forodha Tunduma: *Nasikia umekimbia kufundwa. Mama anauliza kama bado unanitaka.*

Akampigia.

"Nakutaka. Ila nikifungiwa mlango naumwa. Nilikuficha, niliogopa utaniona kichaa. Kama huwezi, sema leo."

Honi za malori zikasikika upande wa pili wa simu.

"Ndiyo maana kwangu unakaa mlangoni?"

"Ndiyo."

"Nami nilidhani unajiandaa kuukimbia ugali wangu."

Ketrina akacheka, machozi yakimtoka.

"Pole, mpenzi," Nsajigwa akasema. "Ungeniambia tu. Mama yangu nitaongea naye mwenyewe."

Ketrina akasimama.

"Shangazi, nifunde hapa uani. Ndani sirudi."

"Atafundwa ndani," Isaka akafoka.

Roda alimtazama kaka yake, kisha viganja vya binti.

"Siku ile ya maziwa nilipomuulizia, uliniambia kaenda kisimani, Isaka. Leteni mikeka. Wanaume wote nje ya geti, na wewe uanze. Beba na chai yako."

Jumamosi, mchungaji akauliza:

"Nani anamkabidhi bibi harusi?"

Isaka akakohoa, akaanza kuinuka, akirekebisha tai.

"Kaa, baba mdogo," Ketrina akasema bila kugeuka. "Nimekuja mwenyewe, Mchungaji. Endelea."