Kompyuta Yangu Haiguswi

"Umeifanyia nini kompyuta yangu?"

Upande wa pili wa simu, mchumba wangu alicheka kwa raha zake.

"Umeiona? Nimekuwekea Linux, mfumo mpya badala ya Windows. Zawadi yako hiyo, mpenzi."

Zawadi! Mimi ni mdarizi. Asubuhi ile sweta arobaini za shule zilikuwa mezani zikingoja nembo, na mwalimu mkuu angezifuata saa kumi. Programu ya cherehani yangu ya kudarizi inakubali Windows ya zamani tu, ile ambayo yeye, fundi kompyuta, kila akija dukani anaiita bibi kizee. Sawa, kizee, lakini tunaelewana, na mimi siachi mbachao kwa msala upitao. Sasa cherehani ilikuwa imenikodolea taa nyekundu, na michoro yangu ya miaka saba siioni.

Nikakata simu, nikamwandikia: "Jumamosi wazee wako wasije kuleta posa. Anayebadilisha kitu changu bila kuniuliza, kesho atataka kunibadilisha mimi."

Nikalia juu ya sweta za watu, maana nilikuwa nampenda, sifichi.

Haikupita nusu saa akaingia anahema, mkononi bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na diski ya zamani ya kompyuta yangu, nzima. Hakuifuta, aliichomoa tu akaweka nyingine.

"Fundi hatupi diski ya mtu," akasema.

Nikamwambia airudishe kwanza, maneno baadaye. Akapiga magoti chini ya meza na bisibisi yake. Bibi kizee akawaka polepole kama kawaida, na safari hii hakuna aliyemcheka. Sindano ikaanza kugonga. Nembo ya kwanza ilipotoka safi, nilipiga kigelegele peke yangu.

"Nilidhani nakupa kilicho bora," akasema, bado yuko chini. "Kumbe nimekupa ninachokipenda mimi. Nisamehe."

"Ungeuliza tu."

"Basi nauliza. Jumamosi waje?"

Nilimwacha asubiri mpaka sweta ya kumi.

"Waje."

Mwalimu mkuu alizikuta zote arobaini zimekunjwa.

Siku ya harusi jasho lilimtoka, akachomoa leso niliyomdarizia kwa cherehani ileile: ULIZA KWANZA. Akaisoma, akanigeukia.

"Naruhusiwa kukushika mkono?"

"Ruksa."

Shangazi yangu akashangaa: tangu lini bwana harusi akaomba ruhusa kwa mkewe mwenyewe?

"Tangu siku ya sweta, shangazi," nikamwambia, nikampa mikono yote miwili.