Mshipa wa Fundi Lifti

Lifti ya jengo lile ilikuwa na tabia za mtu mvivu: asubuhi inapanda vizuri, ikifika mchana inajichagulia mahali pa kupumzika. Siku hiyo ilichagua kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, saa ambayo jengo limefurika washonaji, wauza simu, wapiga picha, wateja, na wale wasionunua kitu ila wamekuja kuangalia walionunua. Ndani yake alikuwemo mtu mmoja tu, dada wa gauni la zambarau na kilemba cha njano kilichofungwa kwa ustadi, amekumbatia katoni la chupa.

Watu walijaa mlangoni kutoa ushauri. Mmoja anasema abonyeze, mwingine anasema asithubutu kubonyeza. Fundi lifti akatokea na ovaroli yake ya bluu iliyopauka magotini, penseli sikioni, anatembea kama mtu anayekwenda kuchota maji ya kuoga.

"Ndugu zangu, anayejua kutengeneza lifti abaki. Wengine kanunueni vitu."

Wakabaki wote.

Fundi akapiga magoti, akaweka mdomo kwenye ufa wa mlango. "Dada, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Unaendeleaje humo?"

"Nakufa."

"Hufi. Hapo ulipo pana hewa kuliko huku nje, huku tunapumuliana."

Dada hakucheka. Fundi akasikia pumzi fupi fupi, za mtu aliyekimbia mbali na bado anakimbia. Kisha sauti ikashuka ikawa ya chini kabisa. "Mikono imekufa ganzi, kaka. Moyo unataka kutoka. Tafadhali usiwaambie hao."

"Kwa nini nisiwaambie?"

"Kwa sababu mimi ndiye yule wa ghorofa ya nne. Wa dawa za utulivu."

Fundi alilijua duka hilo, nani asiyelijua. Rafu kwa rafu za magnesiamu na zinki, makopo ya mchaichai, mnanaa, maua ya kamomili na mizizi ambayo hata kuitamka kazi. Mwenye duka alikuwa shangazi mtu, ila muuzaji alikuwa huyu binti, na jengo zima lilimwita Utulivu kana kwamba ndilo jina alilopewa alipozaliwa. Watu walipanda kwake wamekunja uso kwa ajili ya mitihani, mabosi na wakwe, wakashuka wanapiga mluzi. Leo Utulivu mwenyewe anatetemeka ndani ya sanduku la chuma, na kinachomuua zaidi si woga. Ni aibu.

Moyo wa fundi ukalainika, na hapo ndipo alipoponyokwa na neno.

"Nikwambie siri," alinong'ona. "Hata mimi ninayo hiyo hiyo. Moyo kukimbia, usiku silali. Hawa huku hawajui."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

"Basi wewe ni mwenzangu," Utulivu akasema, na pumzi yake ikaanza kurefuka.

Ukweli ni kwamba fundi yule hakuwa na msongo hata wa kuazima. Akigusa mto tu, amekwenda. Dada yake mkubwa, anayeishi naye, alikuwa akisema nyumba ikiungua itabidi wamtoe pamoja na godoro.

Lifti ikashushwa, mlango ukafunguliwa. Utulivu akatoka kichwa juu, kilemba hakijasogea. "Jamani, mbona mmejaa hivi, kuna nini?" Alipompita fundi akainamisha shingo kidogo. "Njoo dukani, mwenzangu. Usiteseke peke yako."

Fundi akaenda. Angekataaje?

Utulivu alikuwa na utaratibu wake. Hauzi kitu kabla hajauliza na kabla hajashika mkono.

"Kuna dawa ya hospitali unatumia?"

"Hakuna."

"Presha? Sukari? Figo?"

"Zote nzima."

"Kahawa?"

"Kahawa siijui. Mimi mtu wa chai."

"Lete mkono."

Akaweka vidole viwili juu ya mshipa, akafumba macho. Vidole vilinukia lavenda. Fundi akatazama kope zake, akatazama kidoti kilichokuwa karibu na mdomo, na mshipa ukafanya yake.

"Maskini," Utulivu akasema. "Unakimbia kama unafukuzwa. Na uso umetulia hivyo. Nyie mnaoficha ndio mnaoumia."

Alimpa magnesiamu na kamomili. "Nakwambia mapema nisije nikakudanganya: hivi si vya kuponya. Wengine vinawasaidia kulegea, wengine hawaoni kitu. Ukizidisha magnesiamu utahamia chooni. Na usipoona nafuu, nenda hospitali ukaongee na wataalamu."

"Na nikitaka kuongea na wewe?"

Alicheka kwa mara ya kwanza. "Namba ya duka iko kwenye chupa, fundi. Soma maelekezo."

Alisoma. Alipiga jioni ile ile.

"Halo, duka la dawa? Nina mgonjwa hapa."

"Ana dalili gani?"

"Anataka kujua kama muuzaji ameshafika nyumbani."

"Mwambie amefika. Mwambie anywe chai yake, alale."

Ikawa ndiyo maisha. Kila akipita ghorofa ya nne anashikwa mkono, kila akishikwa mkono mshipa unakimbia, na kila mshipa ukikimbia Utulivu anaongeza chupa. Akishindwa kusema hapana, fundi anabeba. Chupa zilikwenda kwenye kabati la jikoni, nyuma ya unga, hata nailoni ya kifuniko haijachanwa.

Naye fundi alikuwa na tiba yake, maana tangu siku ile Utulivu alikuwa akipanda kwa ngazi. Mchana, watu wakipungua, alimpandisha Utulivu kwenye lifti ghorofa moja tu, mlango ukifunguka wanashuka. Kesho yake tena. Wiki nyingine ghorofa mbili. Njiani Utulivu alimwambia mambo ambayo hata shangazi hakuyajua: kwamba ilianza baba yake alipofariki, kwamba aliingia kwenye biashara hii akijitafutia yeye mwenyewe, kwamba kuna siku anahesabu makopo ya rafuni mpaka kifua kiachie.

"Wengine huniambia nijikaze," alisema. "Wewe huniambii. Kwa sababu unaijua."

Fundi alitaka kusema. Midomo ilifunguka kabisa. Lakini Utulivu alikuwa ameegemea bega lake, lifti inapanda, naye ametulia, basi akaifunga.

"Mbona kimya, laazizi?"

"Nasikiliza mashine."

Kilichoyavunja mambo kilikuwa sukari.

Dada yake fundi, mwanamke wa sauti na wa nyumba isiyokosa wageni, aliingiza mkono nyuma ya unga kutafuta sukari, akatoa chupa. Akatoa nyingine. Akaendelea kutoa mpaka meza ikajaa. Akasoma: msongo, wasiwasi, kukosa usingizi. Akakaa chini. Kabla chai haijachemka, sebule ilikuwa na majirani wawili, mjomba, na binamu aliyewahi kusomea uuguzi kidogo, wote wanashika tama. Mdogo wetu anaumia na hasemi. Jirani mmoja alikumbuka kwamba siku hizi anaimba bafuni, na hiyo nayo ni dalili. Dada akapiga namba iliyokuwa kwenye chupa.

"Samahani, mdogo wangu, wewe ndiye unayemuuzia fundi lifti hizi dawa?"

"Ndiyo, dada. Shikamoo."

"Marahaba. Niambie ukweli, ana nini? Maana mimi naishi naye sijaona kitu. Anakula, anacheka, analala kama gogo. Anakoroma mpaka jirani anagonga ukuta."

"Anakoroma?"

"Kila usiku. Na hizi chupa hajafungua hata moja. Nimezipanga hapa, nailoni zote zipo."

Utulivu alishukuru kwa adabu, akakata simu. Shangazi yake, mama mnene wa miwani iliyofungwa na uzi, alimwona anaanza kuhesabu makopo.

Fundi alipopanda mchana, alimkuta amesimama nyuma ya meza, mikono chini.

"Unalala, fundi?"

Akajua. "Nalala."

"Umewahi kukosa usingizi?"

"Siku za karibuni hapana. Na za zamani hapana."

"Mimi nimekwambia vitu vya baba yangu," Utulivu akasema polepole. "Nikidhani naongea na mtu anayeijua hali yangu. Kumbe ulikuwa unaniigiza."

"Mwenzangu, nisikilize."

"Usiniite mwenzako."

Kuanzia siku hiyo Utulivu alirudi kwenye ngazi. Katoni kichwani, ghorofa nne, anapumzika kila kona. Fundi alimwona kutoka chumba cha mitambo, na kila alipopiga simu ilipokelewa na shangazi. "Mwanangu, hayupo. Amesimama hapa mbele yangu, lakini hayupo."

Dada aliposikia yote, alimtazama mdogo wake kama mtu anayetazama nguo iliyopungua baada ya kufuliwa. "Wewe mwanaume una akili za kupanga bisibisi tu. Vaa shati. Twende."

Walifika dukani fundi amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na dada kwa hasira, mkononi mfuko wa chupa unaogongana. Wateja walikuwa wengi. Hakuna aliyeondoka.

"Nimerudisha," fundi akasema, akauweka mfuko mezani. "Wauzie wanaozihitaji. Mimi siumwi."

"Huumwi," Utulivu akadakia. "Mshipa mbona ulikuwa unakimbia kila nikikupima? Na mshipa nao uliufundisha kudanganya?"

Shangazi akashusha miwani. Aliifanya kazi hii kabla Utulivu hajaota meno. "Lete huo mkono." Akaushika, akatulia, akatikisa kichwa. "Mtu huyu ana mapigo ya aliyeshiba. Hana kitu."

"Shangazi, mimi nimempima si mara moja."

"Mpime tena. Chukua huo wa pili."

Utulivu hakutaka, lakini wateja walikuwa wanamtazama. Akazunguka meza, akaweka vidole viwili. Hakufumba macho.

"Haya, unakimbia," akasema kwa ushindi.

"Na huku kwangu umeanza kukimbia," Shangazi akasema. "Hebu mwachie."

Akamwachia. Shangazi akasubiri. "Umetulia. Mshike." Akamshika. "Umekimbia. Mwachie. Mshike. Mwachie." Akageukia wateja. "Kama swichi."

Duka lote likaangua kicheko. Dada alilazimika kuegemea rafu ya zinki. Mama mmoja aliyekuja na presha ya mkwe alisema yeye ameshapona, asiuziwe kitu.

Utulivu peke yake hakucheka. Macho yalimjaa. "Nimempa mtu magnesiamu miezi yote hii," alisema, "kumbe ugonjwa ni mimi."

"Mshipa haukudanganya," fundi akasema. "Mdomo ndio uliodanganya. Siku ile ulikuwa unatetemeka peke yako humo ndani, unaona aibu kuliko woga. Nikatafuta la kukuambia nikaokota lile. Halafu ukaniita mwenzako, nikaogopa ukijua sina, hutaniita tena."

"Ungesema huna."

"Halafu?"

"Halafu ungesema utakaa tu. Sikuhitaji mtu anayeumwa kama mimi. Nilihitaji mtu asiyeondoka pale mlangoni."

Safari hii fundi hakutafuta neno zuri. "Sina," akasema. "Sijui kunavyokuwa. Nitakaa tu."

Utulivu akapangusa macho kwa ncha ya mtandio. Akaangalia saa ya ukutani, akachukua pochi.

"Shangazi, nakwenda juu kupunga upepo."

"Kwa ngazi?" Shangazi akauliza, miwani bado puani.

Utulivu alikwenda mpaka kwenye lifti, akabonyeza, akaingia. Fundi akaingia nyuma yake. Mlango ulipofungwa, duka zima lilikuwa limesimama kwenye korido, na Dada ndiye aliyekuwa mbele.

Ndani, Utulivu alishika chuma cha ukutani mpaka vifundo vikapauka. Fundi akamshika mkono mwingine, akaweka vidole viwili kama alivyoona vikifanywa.

"Unakimbia," akasema.

"Huo ni wa lifti."

"Sawa."

Walipita ya tano. Lifti ikakohoa kidogo, fundi akaipiga ngumi moja ubavuni, ikaendelea. Wakafika juu kabisa. Mlango ukafunguka, jua likaingia, na kamba za kuanikia za washonaji zilikuwa zinapepea vitambaa vya kila rangi.

Wakatoka nje wakasimama. Fundi hakuuachia mkono wake.

"Bado unakimbia," fundi akasema. "Na lifti tumeshatoka."

Utulivu akatazama vile vidole viwili vyenye alama za grisi juu ya mshipa wake.

"Basi endelea kupima, mwenzangu," akasema. "Pima mpaka tujue ni nini."

Kutoka chini, kwenye shimo la lifti, sauti ya Dada ilipanda toka ghorofa ya nne mpaka juu. "Jamani, mimi niandae wageni wa kuposa au nisiandae?"