Waya Usio na Mwisho

Jana fundi aliziacha nyaya zimenyooka kama mvua. Leo asubuhi, alipofungua mlango wa nyuma wa kabati la mitambo, alizikuta zimesukwa. Mafundo madogo madogo, yananuka nywele zilizoungua.

Mlinzi wa hospitali alichungulia, asivuke kizingiti.

"Dada, achana na hicho kinachoishi humo," alinong'ona. "Fundi aliyepita alikiachia vurugu hilo la nyuma liwe kiota chake. Wakaishi kwa amani."

"Amani gani, kaka, nyaya za umeme zinalala kitanda kimoja na za mawasiliano? Ndiyo maana kengele za wodi ya watoto zinakatika."

Huko wodini alilala mtoto wa mdogo wake fundi, aliyezaliwa kabla ya siku zake. Pumzi ikimpotea, kengele ndiyo ya kumwita muuguzi. Na kengele zote zilipita hapa.

Akapiga magoti. Hakuvuta; mwenye kuvuta hung'oa asichokijua. Alishika waya wa kengele kwanza, akaufuata kwa vidole toka tundu hadi tundu, akaulaza upande wake, akaufunga kwa utepe. Kisha mwingine. Kiota kikapungua, na kadiri kilivyopungua ndivyo feni zilivyoshusha sauti, na harufu ikapanda, na waya mmoja mweusi alioushika ukawa wa moto, ukapwita kama mshipa wa shingo, akaufuata juu, akaufuata chini, akarudi alikoanzia asiupatie tundu wala mwisho, hata ukajizungusha kwenye kifundo cha mkono wake, taratibu, kama mtu anayechagua bangili.

"Niachie nyumba yangu," ukasema. "Ama nikate kengele."

"Dada, toka!" mlinzi alilia.

Fundi aliushika waya kwa mkono wa pili.

"Kata nikuone. Waya wa kengele uko upande wa pili, huufikii. Kuna mtoto juu hana hata jina. Yeye ndiye mwenye nyumba. Wewe mpangaji tu."

Akaubandua mkononi, akaulaza kwenye mstari kama wenzake, akaufunga. Nyaya nyingine aliziachia nafasi ya kidole, zisivunjike. Huu hakuuachia.

"Kaka, piga simu wodini. Wajaribu kengele."

Ikalia. Ikalia tena, kali, safi, wakaisikia mpaka chini.

Ndani ya kabati kitu kikakohoa.

"Unanibana," kikasema.

"Utazoea," alijibu fundi, akafunga mlango.