Mshale wa Pinki Shingoni mwa Farasi

Komeo la mlango wa jikoni lililia mara moja gizani. Malinda Hostetler alilisikia akiwa kitandani, akajua ni mumewe Atlee anatoka kulisha farasi. Akajifunika tena. Komeo huwa linalia mara ya pili wakati yeye ameshawasha taa na kubandika kahawa. Asubuhi hiyo lililia tena kabla hata blanketi halijapata joto. Atlee alisimama mlangoni na taa ya mafuta mkononi, bila kofia, na Atlee hatoki nje bila kofia.

"Ruby amekufa," alisema. "Ana mshale shingoni."

Kwa nyumba isiyo na gari, kwa kuwa imani yao hairuhusu, farasi huyo ndiye aliyewafikisha kanisani, sokoni na kwa mkunga. Walimkuta amelala kando ya ua wa mbao, pale malisho yao yanapopakana na msitu, damu imeganda kwenye majani yenye umande. Mshale ulikuwa mfupi, wa ule upinde unaolazwa juu ya kitako kama cha bunduki. Manyoya yake ya plastiki yalikuwa ya pinki. Katika bonde lile lote la Ohio, mtu mmoja tu aliwinda kwa manyoya ya pinki.

Corliss Haney, afisa wa wanyamapori wa kaunti, alifika jua likiwa limekwisha kuchomoza. Alikuwa mama wa makamo, mrefu, mwenye tabia ya kuzunguka kitu mara mbili kabla hajakigusa. Alimzunguka Ruby, akapiga picha, ndipo akauchomoa mshale kwa glavu. Uliingia kwa shida, haukupita hata upana wa vidole vinne, ila chembe chake, ile ncha ya nyembe tatu, kilikuwa kimekata mshipa mkubwa. Kisigino cha mshale, pale upote, ile kamba ya upinde, unaposukuma, kilikuwa bapa. Mbele kidogo ya kisigino, kati ya manyoya mawili ya juu, palikuwa pamechubuka, na chini ya unyoya mmoja palinasa uzi mfupi kuliko ukucha. Aliutia uzi ule kwenye bahasha peke yake. Ulikuwa mwekundu, umesokotwa na wa kijivu.

Atlee alimwambia kwamba Ruby alikuwa mzima jioni, walipomaliza kukamua ng'ombe. Ruhusa ya kuwinda kwenye shamba lake mwaka huu alimpa mtu mmoja tu, Retha Combs, kwa sababu alikuja mlangoni akaomba, na kila akitoka alifunga geti. Hakutaka kumshtaki mtu. Kanisani kwao hawapelekani mahakamani.

"Wewe husemi, lakini sheria inasema," Corliss alimjibu. "Aliyepiga alimwona ameanguka, akaondoka."

Retha Combs aliishi ng'ambo ya barabara. Alikuwa hajafika miaka thelathini, mumewe yuko miezi kwenye meli za mtoni, na binti yao Opal, wa miaka mitano, alikuwa amelala kwenye kochi na kitambaa chenye maji kwenye paji la uso. Retha aliutazama mshale ndani ya mfuko wa ushahidi, akakaa.

Hakukana. Mshale ni wake, rangi aliichagua Opal. Lakini Jumamosi iliyopita alimkosa kulungu karibu na kijito, mshale ukazama kwenye majani makavu, akautafuta mpaka macho yakamuuma. Jana jioni hakutoka. Opal alikuwa na homa.

"Nani mwingine alikuwepo hapa?"

"Mimi na mtoto tu, afisa."

"Nani alijua umepoteza mshale?"

Retha alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Nilisema dukani. Nani hakujua?"

Corliss aliomba kuuona upinde. Ulikuwa wa bei ya chini kuliko yote dukani siku ile, na Retha alieleza, bila kuulizwa, kwa nini aliuchukua. Hakutaka ule wenye magurudumu kwenye ncha za mbawa, ile mikono miwili inayopinda, kwa sababu upote wake ukikatika lazima uupeleke kwenye mashine ya fundi. Huu wa mbawa tupu anaubadilisha upote mwenyewe hapo jikoni. Aliuweka begani kwanza, akahakikisha haumwelemei mbele. Akaangalia kama kizuizi cha usalama kinajifunga chenyewe anapouvuta. Akachukua na kamba ya kuvutia yenye vishikio viwili, maana mikono mitupu huvuta upande mmoja zaidi na mshale ukaenda pembeni, na akatia alama nyeupe kwenye upote ili kila mara aone kama umekaa katikati. Darubini yake ni ya kawaida, lakini aliipimia kwenye robota la nyasi majira yote ya joto. Fedha iliyobaki aliitia kwenye vyembe vizuri, kwa sababu ndivyo vinavyomgusa mnyama.

Upote wake ulikuwa mweusi, umepakwa nta, hauna uzi hata mmoja uliofumuka. Hata hivyo Corliss aliuchukua upinde, kwa kuwa ndivyo kanuni inavyotaka.

"Nikionekana mimi ndiye, mtaninyang'anya leseni miaka mingapi?" Retha aliuliza.

"Mitatu. Pengine zaidi."

Retha alitazama friza kubwa pale ukumbini. Lilikuwa tupu, limechomolewa umeme ili lisile bure mpaka kulungu wa kwanza aingie. Lakini aliposema, alisema jambo jingine.

"Na Atlee ataamini ni mimi. Nilimwomba ruhusa mlangoni pake nikiwa na mtoto mkononi, afisa. Alinipa mkono."

Kufikia mchana bonde zima lilikuwa limeshahukumu. Mshale wake, shamba aliloruhusiwa yeye, na tena umeingia kidogo tu: upinde wa bei rahisi huo, ungefanya nini zaidi?

Corliss alikuwa na mshukiwa wa pili. Mzee Orville Tharp, mjane wa upande wa pili wa kijito, alikuwa na ugomvi na Atlee tangu masika, Ruby alipovunja ua na kula mahindi yake. Alimkuta barazani akimenya tufaha, na mzee hakuficha chuki.

"Yule farasi alikuwa mwizi," alisema. "Andika hivyo. Ila sikumuua. Kama ningetaka kumuua ningemuua Mei, hasira ikiwa ya moto."

Aliuleta upinde wake mwenyewe kutoka darini. Upote ulikuwa umekauka ukipasukapasuka, na panya walikuwa wamezalia ndani ya podo, mfuko wa mishale. Usingerusha hata kijiti. Corliss alimuuliza kama alisikia chochote jana jioni, na mzee akasema ndiyo, jua lilipozama. Alidhani ni tawi. Upinde mzuri ukifyatuliwa hutoa mlio mzito, mfupi, kama mto kupigwa kofi. Huu ulilia kama tawi linalovunjika, kaa! mkavu kabisa.

"Halafu mtu akatukana," aliongeza. "Sauti ya kiume. Lakini wewe huniamini mimi, mlaji tufaha."

"Nakuamini kuliko unavyodhani, mzee."

Alasiri aliingia duka la zana za uwindaji pale njia panda. Nyuma ya kaunta alikuwepo Wade Kinser, muuza pinde, ambaye kila vuli hufundisha darasa la usalama kwa wawindaji wapya. Alikuwa anamweleza mteja, mshale mkononi, kwamba kabla ya kitu chochote mtu aangalie kisigino. Upinde wake kipenzi, ule wa magurudumu, hutundikwa nyuma yake siku zote, na upote wake aliuagiza kwa rangi za timu ya mpira ya jimbo. Leo msumari ulikuwa mtupu. Wade alisema amemwazima shemeji yake. Kuhusu Retha alitikisa kichwa kwa huruma. Alimwambia yule dada tangu siku ya kwanza, aongeze kidogo anunue kitu cha maana, hakusikia.

Corliss alinunua pakiti ya chingamu, akatoka. Rangi za timu ya jimbo ni nyekundu na kijivu, na hakuna mtoto wa Ohio asiyezijua.

Kesho yake, saa tatu asubuhi, aliwaita wote uani kwa Atlee: Retha na Opal, ambaye homa ilikuwa imemtoka, mzee Orville, na Wade, aliyeombwa aje kama mtaalamu. Malinda alitoa kahawa na mkate wa tufaha, na majirani wachache wakasimama kando kwa kisingizio cha kuleta pole. Robota la nyasi liliwekwa mwisho wa ua. Corliss alimrudishia Retha upinde wake na mshale mmoja.

"Piga kama unavyopiga siku zote."

Retha aliweka mguu kwenye kikuku cha chuma cha mbele, akaivuta kamba kwa mikono miwili, mgongo umenyooka, mpaka upote ukakaa na kizuizi kikafunga. Akatazama alama nyeupe. Akaweka mshale kwenye mfereji wa upinde, unyoya wa chini ukiwa chini, akausukuma nyuma mpaka ukagusa upote. Aliuegemeza begani. Akafyatua. Mlio ulikuwa mzito, mfupi. Atlee alikwenda kuuchomoa mshale akashindwa, umezama mpaka manyoya, ikabidi alipasue robota.

"Huo ndio upinde mnaosema hauna nguvu," Corliss aliwaambia wote. "Kwa umbali kama huu, shingoni mwa farasi, mshale ungetokeza upande wa pili. Uliomuua Ruby ulirushwa vibaya. Wade, darasani kwako unasemaje kuhusu kisigino?"

Wade alitabasamu. "Afisa, haya si unayajua?"

"Sema na wao wasikie."

"Upinde wa mbawa tupu kama huu, kisigino bapa. Wa magurudumu kama wangu, chenye mfuo wa nusu mwezi, ukumbatie upote."

"Na mtu akitia kisigino bapa kwenye upinde kama wako?"

Aliyejibu ni mzee Orville, taratibu, kama mtu anayeamka.

"Upote unauruka mshale. Mshale unatoka kombo, na nguvu yote inabaki kwenye mbawa. Zinapasuka." Akamgeukia Wade. "Zinalia kaa!"

Corliss aliwaonyesha mshale wa ushahidi, pale ulipochubuka juu, na bahasha yenye uzi mwekundu na kijivu. Kisha akatoa hati ya hakimu mfukoni na kumwomba Wade ufunguo wa sanduku lililo nyuma ya gari lake. Wade aliutoa bila kumtazama mtu. Upinde wake kipenzi ulikuwa humo, umefungwa kwenye turubai. Ubawa mmoja ulikuwa na ufa kuanzia kwenye gurudumu, na upote umefumuka kama mkia wa ng'ombe.

"Sikumpiga farasi kusudi," alisema.

"Najua. Ulimlenga nani?"

"Yule dume mwenye pembe pana. Namfuata tangu Agosti." Alimtazama Atlee, na sauti ikapanda. "Ulininyima ruhusa kwa ajili ya geti. Geti moja, nililisahau mara moja! Halafu ukampa yeye, na upinde ule wa kona ya duka?"

"Ndama wangu walitokea barabarani," Atlee alisema.

Corliss hakumwacha apumue. Alimwambia kuokota mshale wa mtu kijitoni si kosa. Lakini podo lake lilikuwa na mishale yake mwenyewe, yenye visigino sahihi. Kwa nini alitia wa Retha?

Wade alijifuta mdomo. "Dume akipigwa hukimbia. Angeweza kwenda kufia popote, mtu akamkuta. Manyoya yangesema ni wa Retha. Akatokea kando ya ua, karibu na farasi, mwanga unaisha, nikatia, sikuangalia…"

"Kisigino," alimalizia mteja wa jana, aliyekuwa amesimama kati ya majirani.

Corliss alimsomea makosa yake: kuwinda bila ruhusa, kuua mfugo na kuondoka, na kutaka mwingine abebe mzigo wake. Leseni aliichukua palepale, na darasa la vuli akamwambia litatafutiwa mwalimu mwingine.

Atlee alimsogelea, akavua kofia.

"Nimekusamehe, Wade," alisema. "Ila shamba langu usilikanyage."

Kisha alivuka ua mpaka aliposimama Retha, akampa mkono mbele ya watu wote, akamwomba radhi kwa usiku mmoja aliomfikiria vibaya. Ruhusa yake iko palepale, alisema, na dume bado hunywa maji kijitoni. Retha aliushika mkono ule kwa mikono miwili. Alisimama tu, kidevu juu, machozi yanamtiririka wala hayafuti.

Majirani walikuwa wameuzunguka upinde pale mezani. Waliokuwa wakiucheka jana sasa walipokezana, wakaupima begani, wakaugusa upote. Mzee Orville aliugeuza juu chini akitafuta jina la kiwanda, akauliza ni upinde wa namna gani huu.

Opal alishuka kwenye ngazi za baraza, akapenya katikati ya miguu yao, akaweka kiganja juu ya kitako.

"Huo ni upinde wa mama yangu," alisema.